Je, Wajua? Sindano Mbili na Kazi ya Kwanza

Je, wajua kwamba hata kama hujawahi kushika sindano ya kufumia, mwilini mwako sasa hivi huenda kuna kitu kilichofumwa? Fulana, soksi, chupi, jezi ya timu yako: vyote ni vya kufuma, ila vimefumwa na mashine. Vua fulana uisogeze dirishani. Upande wa nje utaona safu za alama ndogo kama herufi V, zimepandana moja juu ya nyingine. Upande wa ndani ni vinundu vilivyolala. Sasa chukua kanga. Humo hakuna V. Zimo nyuzi za wima na za ulalo zinazopishana, moja juu, moja chini. Vuta kanga kwa upana wake, haiendi popote. Vuta fulana, inanyumbuka, ukiiachia inarudi. Fulana inanyumbuka kwa sababu ni vitanzi vitupu, na kitanzi kina nafasi ya kujinyoosha.

Na kufuma kwa mkono ni hivyo hivyo: kuvuta kitanzi kipya kikapita ndani ya kitanzi cha zamani. Basi. Sweta nzima, hata ile yenye misokoto kifuani, ni kitendo hicho na kinyume chake, uzi ukiwa nyuma ya kazi au ukiwa mbele yake. Anayekuambia kuna mishono mia ya kukariri kabla hujaanza anakutisha bure. Kinachowaangusha wanaoanza, kwa maoni yangu, si vidole. Ni kuchagua kazi ya kwanza vibaya, na hilo tutalifikia.

Je, wajua kwamba kuvaa soksi na ndala ni jambo la kale? Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna soksi nyekundu za sufu zilizofukuliwa Misri, za kati ya mwaka 250 na 420 hivi. Mbele zimegawanyika: kidole gumba chumba chake, vidole vinne chumba chao, ili mkanda wa kandambili upite katikati. Wanaovaa hivyo leo na kuchekwa mtaani wana pa kujitetea.

Hata hivyo soksi zile hazikufumwa kwa sindano mbili. Fundi wake alitumia sindano moja yenye tundu na vipande vya uzi, akifunga kitanzi kimoja kimoja. Soksi za kale za kufuma kama tunavyofuma leo zimetoka huko huko Misri, karne kadhaa baadaye, na ni za pamba, nyeupe na buluu, nyingine zikiwa na maandishi ya Kiarabu. Kwa hiyo kazi hii ambayo watu huihusisha na theluji na bibi wa Kizungu kando ya moto ina mizizi katika nchi ya jua kali na katika uzi wa pamba. Mkazi wa Tanga au Mombasa anayesema kufuma ni shughuli ya watu wa Limuru na Njombe afikirie tena.

Mwanamfalme Fernando de la Cerda wa Castilla alifariki mwaka 1275. Kaburini mwake, Burgos nchini Hispania, ilikutwa mito ya hariri iliyofumwa kwa vitanzi vidogo mno, na mmojawapo una neno la Kiarabu la baraka lililofumwa ukingoni. Mteja Mkristo, mafundi Waislamu.

Je, wajua kuna mchoro wa Bikira Maria akifuma? Mchoraji Mjerumani tunayemjua kwa jina la Master Bertram alimchora hivyo mnamo mwaka 1400, ameketi na sindano nne, anamalizia shingo ya kanzu ya mwanawe. Kanzu inazunguka bila mshono wa ubavuni. Sindano nne hutumika hivyo hadi leo kwa soksi na kofia: tatu zinashika vitanzi, ya nne inafanya kazi. Mchoro uko Hamburg.

Na wanaume? Ulaya ya karne ya 16 na 17, kufuma kwa biashara kulikuwa na vyama vya mafundi, na waliosajiliwa kuwa mafundi wakuu walikuwa wanaume. Katika baadhi ya miji kijana aliyetaka cheo hicho alipimwa kwa kufuma zulia zima la kutundika ukutani, lenye maua na wanyama. Katika eneo la Landes, kusini magharibi mwa Ufaransa, wachungaji walikuwa wakisimama juu ya mironjo ili wawaone kondoo wao mbali kwenye tambarare yenye maji, na huko juu mikono yao ilikuwa ikifuma soksi. Kisiwa cha Taquile, katika Ziwa Titicaca nchini Peru, hadi leo wanaofuma kwa sindano ni wanaume. Mvulana hufundishwa mapema, na kofia anayovaa huonyesha kama ameoa au hajaoa. UNESCO iliitambua sanaa ya nguo ya Taquile mwaka 2005. Kaka anayeona haya kununua sindano dukani achague mfano anaoutaka hapo.

Je, wajua kwamba mashine ya kufuma ina umri mkubwa kuliko injini ya mvuke? Mwingereza William Lee, wa Calverton karibu na Nottingham, aliitengeneza mwaka 1589. Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza. Lee akaihamishia Ufaransa, na huko nako mambo hayakumwendea vizuri; alifia Paris bila kuonja faida yake. Soko la soksi la dunia likaja kujengwa juu ya wazo lake.

Lakini kroshia haina mashine. Vile vitambaa vya kutandika kwenye makochi, vyenye ncha za maua, ambavyo mama hukukataza kuvikalia ovyo, vikiwa ni kroshia ya kweli basi vilitoka mkononi mwa mtu. Viwanda huuza vinavyofanana navyo, ila ukivifumua utakuta vimefungwa kwa namna nyingine. Tofauti ya kazi hizi mbili ni rahisi. Kroshia hutumia sindano moja yenye ndoano, na kwa kawaida kitanzi kinachoning'inia ni kimoja tu. Kufuma hutumia sindano mbili, na vitanzi vya mstari mzima viko wazi kwa wakati mmoja. Kikikuponyoka cha kroshia, umepoteza kimoja. Ikichomoka sindano ya kufumia, unatazama vitanzi 40 vikiwa hewani. Tulia. Havikimbii. Usivute kazi, rudisha sindano polepole kitanzi kimoja kimoja, na vingi vitakuwa palepale ulipoviacha.

Sasa kazi ya kwanza.

Karibu kila anayeanza huambiwa aanze na skafu, kwa sababu ni ya mstatili na haina mikono wala shingo. Ushauri huu umewafanya watu wengi waache kufuma. Tupige hesabu. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, vitanzi 22 hutoa upana wa sentimita 10. Skafu ya sentimita 15 ni vitanzi 33. Ukifuma kila mstari kwa mshono ule wa kwanza tu, wa uzi kuwa nyuma, bila kinyume chake, kitambaa hutoka na matuta pande zote mbili, na kila mistari miwili hutoa tuta moja. Skafu ya mita moja na nusu inataka mistari 660 hivi. Zidisha kwa 33: vitanzi 21,780.

Mwaka 2006, Miriam Tegels wa Uholanzi alifuma vitanzi 118 kwa dakika moja na kuweka rekodi ya dunia. Kwa kasi hiyo, bila kupumua, skafu yetu ingemchukua zaidi kidogo ya saa tatu. Mwanafunzi anayefuma vitanzi 10 kwa dakika atahitaji saa 36, na hapo sijahesabu kufumua. Saa 36 za mshono mmoja, rangi moja, kwa ajili ya kitu ambacho Dar es Salaam hakina siku ya kuvaliwa. Ukiiacha kazi hiyo katikati, si uvivu.

Wenye kuing'ang'ania skafu wana njia moja ya heshima: uzi mnene. Uzi unaotoa vitanzi 14 kwa sentimita 10, kwa sindano za milimita 6 au zaidi kidogo, hufanya skafu ya ukubwa ule ule iishe kwa vitanzi 8,820. Chini ya nusu.

Mimi naipigia kura kazi ndogo kuliko zote: kitambaa cha kuoshea vyombo, au cha kujisugulia bafuni, kwa uzi wa pamba. Ni mraba. Kikipinda hakuna atakayekiona ila sufuria. Na kina ufundi wake mzuri, maana kinaweza kuanzia pembeni. Anza na vitanzi 4, fuma mstari mmoja. Kuanzia hapo kila mstari ni ule ule: fuma 2, zungusha uzi mara moja juu ya sindano, fuma hadi mwisho. Ule uzi uliozungushwa unakuwa kitanzi kipya na kuacha kitundu kidogo karibu na ukingo, kwa hiyo kitambaa kinapanuka kitanzi kimoja kila mstari na kujitilia nakshi chenyewe. Vikifika 60, anza kupunguza: fuma 1, fuma 2 kwa pamoja, zungusha uzi juu ya sindano, fuma 2 kwa pamoja, kisha fuma hadi mwisho. Sasa kila mstari unapungua kimoja. Vikibaki 4, funga. Utakuwa na mraba wa karibu sentimita 19 kila upande, na mkononi utakuwa umejifunza kuanzisha, kufuma, kuongeza, kupunguza na kufunga. Sweta haihitaji mengi zaidi ya hayo.

Tena kitambaa hiki hakikulazimishi kujua uzi utatosha au hautatosha. Pima donge kwenye mizani ya jikoni kabla hujaanza. Ukiona limekaribia kubaki nusu ya uzito, acha kuongeza na uanze kupunguza, hata kama vitanzi havijafika 60. Nusu ya pili hula uzi sawa na ya kwanza.

Ukipenda mraba ulionyooka badala ya ule wa pembeni, kuna kipimo kisichohitaji rula. Katika kitambaa cha matuta, tuta moja lina kimo kinachokaribia upana wa kitanzi kimoja. Umeanzisha vitanzi 44? Yakifika matuta 44 una mraba. Kunja kona ikutane na kona uhakikishe.

Je, wajua kwa nini kazi ya anayeanza hupanuka yenyewe? Alianza na vitanzi 30, baada ya kiganja kimoja anahesabu 37, na anaapa kwamba hajaongeza kitu. Chanzo mara nyingi kiko kwenye kitanzi cha kwanza cha mstari. Ukigeuza kazi na kuvuta uzi ukapita juu ya sindano kwenda nyuma, kile kitanzi cha ukingoni huinuka na kuonyesha miguu yake miwili, kana kwamba ni vitanzi viwili. Mwanafunzi huvifuma vyote viwili. Dawa ni kuhakikisha kwamba, kabla ya kitanzi cha kwanza, uzi umening'inia chini mbele, kisha unaupeleka nyuma kwa kuupitisha chini ya ncha ya sindano, si juu yake. Na hesabu vitanzi mwisho wa mistari michache ya kwanza. Inachosha kidogo kuliko kufumua.

Kosa jingine ni kitanzi kuanguka. Hushuka ngazi kwa ngazi na kuacha mfereji. Sindano ya kroshia ndiyo inayookoa: ingiza ndoano kwenye kitanzi kilichoanguka, kamata kipande cha uzi kilicholala juu yake, kivute kipite ndani, panda ngazi inayofuata, hadi juu. Kama uko kwenye basi na huna ndoano, kichome pini ya mtoto kisishuke zaidi, utakishughulikia nyumbani.

Vitanzi vilivyoanguka vina hata tamthilia yao. Kuna uvumi uliozagaa kwamba katika visiwa vya Aran, Ireland, kila ukoo ulikuwa na mchoro wake wa sweta ili mvuvi aliyezama atambuliwe. Wanahistoria wa mavazi hawakubali. Sweta za Aran za mtindo tunaoujua ni za karne ya 20. Uvumi unaelekea kutokana na tamthilia ya J. M. Synge iliyoigizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904, ambamo maiti inatambuliwa kwa soksi yake. Ila katika tamthilia hiyo hakuna mchoro wa ukoo. Dada yake anaitambua soksi kwa sababu anakumbuka idadi ya vitanzi alivyoanzisha, na vile vinne alivyoviangusha.

Sindano zenyewe zina mtego. Je, wajua kwamba namba za zamani za Kiingereza huenda kinyumenyume? Kadiri namba inavyokuwa kubwa, sindano inakuwa nyembamba. Namba 10 ya zamani ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5. Wamarekani nao wana namba zao zinazopanda: kwao milimita 4 ni namba 6, na milimita 5 ni namba 8. Kwa hiyo sindano mbili zilizoandikwa 8, moja ya bibi na moja ya mtumba kutoka Marekani, hazina unene sawa. Zenye jedwali la milimita ndizo za kuamini. Kama ya bibi imefutika namba, chukua kadi, itoboe kwa sindano unayoijua unene wake, kisha jaribu ile usiyoijua kwenye tundu hilo hilo.

Spoki ya baiskeli hufaa pia, na wengi waliokulia vijijini waliijifunzia. Tatizo lake ni unene. Spoki ya kawaida ni milimita 2, saizi ya soksi nyembamba sana, na anayeanza nayo atafuma jioni nzima aone kama hajafanya kitu. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa na kupigwa msasa hadi kiteleze, chenye unene wa milimita 4 au 5, ni bora zaidi. Mwanzi una faida nyingine: unashika uzi kidogo, vitanzi haviponyoki ovyo kama kwenye chuma.

Uzi mweusi uache kwanza. Vitanzi havionekani, hasa usiku. Wenye manyoya marefu na wenye nundu uache pia; ni mzuri kutazama, lakini ukikosea haufumuki. Chukua rangi ya maziwa, ya samli, ya waridi hafifu, uzi laini uliosokotwa vizuri. Akriliki ni rahisi kwa bei, hufuliwa bila masharti, na inapatikana hadi maduka madogo. Eldoret kuna kiwanda cha Ken-Knit kinachotengeneza nyuzi za namna hiyo. Ila usiipige pasi ya moto. Akriliki ikiungua hata kidogo hulegea, inaning'inia, na hairudi. Sufu nayo ina adui wake: maji ya moto pamoja na kusuguliwa. Unywele wa sufu una magamba madogo. Yakipata joto na msuguano hushikana, na sweta ya baba inamtosha mtoto. Pamba haina shida hizo, lakini hainyumbuki, na vidole vitachoka mapema kuliko kwa sufu. Ndiyo maana mradi wa pamba uwe mfupi.

Je, wajua kwamba kondoo wengi unaowaona Afrika Mashariki hawana sufu? Kondoo wa Kimaasai mwekundu na yule wa kichwa cheusi wana nywele fupi kama mbuzi. Hawanyolewi. Sufu ya Kenya hutoka kwenye nyanda za juu, kwa kondoo kama Merino na Corriedale walioletwa wakati wa walowezi. Pale Njoro, karibu na Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 huwaajiri wanawake wanaosokota sufu kwa mkono, wanaitia rangi za mimea, kisha wanafuma wanyama wa kuchezea: twiga, tembo, kiboko. Nanyuki nako kuna ushirika wa wanawake wasokotaji ulioanzishwa mwaka 1977. Na upande mwingine wa dunia, mwaka 2015, karibu na Canberra, Australia, alipatikana kondoo wa Merino aliyepotea kwa miaka mingi bila kunyolewa. Walimpa jina Chris. Sufu waliyomtoa ilikuwa na uzito wa kilo 41.1. Sufu ya Merino haiachi kuota.

Je, wajua donge la uzi lina namba mbili muhimu kwenye karatasi yake? Moja ni ya rangi, nyingine ni ya chungu ilikotiwa rangi hiyo. Nyekundu mbili zenye namba moja ya rangi lakini vyungu tofauti zitafanana dukani na kuachana mwilini. Kwa kitambaa cha vyombo haidhuru. Kwa sweta, nunua madonge yote siku moja.

Wanaotaka kufuma kitu chenye maana kwa mwingine wana kofia ya mtoto mchanga. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wanaolelewa kwa njia ya kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama, huvalishwa nepi, soksi na kofia, kwa sababu kichwa cha mtoto mchanga kinapoteza joto jingi. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina mzunguko wa sentimita 35 hivi; kofia ya sentimita 32 hushika bila kubana. Kwa kipimo chetu cha 22 ni vitanzi 70. Fuma mstatili wa kimo cha sentimita 16, pitisha uzi kwenye vitanzi vya juu badala ya kuvifunga, vuta ukusanyike, shona ubavu. Umemaliza kofia bila sindano nne za Maria. Usiweke kishada wala vitundu vya kunasa vidole, na uliza wodi kwanza wanapokea nini na uzi gani.

Kazi nyingine ndogo zenye historia: huko kisiwa cha Phillip, Australia, pengwini wadogo wakipakwa mafuta yaliyomwagika baharini huvalishwa visweta vya kufuma wasije wakajisafisha kwa mdomo na kumeza sumu. Umwagikaji wa mwaka 2001 uliwaathiri pengwini 438, na asilimia 96 kati yao waliponywa. Wapo pia, Marekani hadi Rwanda, wanaofuma matiti laini ya pamba kwa ajili ya wanawake waliokatwa titi kwa sababu ya saratani. Na mpiga mbizi wa Uingereza Tom Daley, aliyejifunza kufuma wakati wa kufungiwa ndani mwaka 2020, alionekana na sindano zake kwenye jukwaa la watazamaji katika Olimpiki ya Tokyo mwaka uliofuata, na pia akatokea na kifuko alichokifuma kwa ajili ya medali yake ya dhahabu isikwaruzike. Kifuko cha medali na kifuko cha simu ni kitu kimoja: mstatili, kunja, shona pande mbili. Kama huna medali, simu unayo.

Ya ujasusi nisiyaache. Phyllis Latour alizaliwa Afrika Kusini, akalelewa Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, na mwaka 1944, akiwa na miaka 23, Waingereza walimshusha kwa parachuti Normandy. Akazunguka kwa baiskeli akijifanya msichana mdogo muuza sabuni. Misimbo yake ya siri ilikuwa imeandikwa kwenye kitambaa cha hariri, ameizungushia kwenye sindano ya kufumia, na sindano ameitia ndani ya utepe aliofungia nywele. Wajerumani walimpekua wasione kitu. Alituma ujumbe mara 135. Baada ya vita aliishi Kenya kwa muda, na alifariki New Zealand mwaka 2023 akiwa na miaka 102.

Maelekezo mengi ya kufuma yako kwa Kiingereza, tena cha vifupisho: k ni mshono wa kwanza, p ni kinyume chake, yo ni kuzungusha uzi juu ya sindano. Asiyetaka kuhangaika na vifupisho atafute maelekezo ya Kijapani. Si mzaha. Wajapani huchora miraba yenye alama, mraba mmoja kwa kila kitanzi, na mchoro unasomeka bila kujua neno hata moja. Kumbuka tu kwamba mchoro husomwa kutoka chini kwenda juu, jinsi kitambaa kinavyokua, na mstari wa upande wa mbele huanzia kulia.

Kama una haraka ya kuingia kwenye sweta, fuma kwanza kipande cha kupimia. Maelekezo yakisema vitanzi 22 kwa sentimita 10, na mkono wako mlegevu ukatoa 20, sweta ya kifua cha sentimita 88 itatoka na 97. Badili sindano, shuka saizi moja, pima tena. Kipande hicho kisipotupwa ni kitambaa kingine cha jikoni.

Na usishtuke kitambaa chenye V upande mmoja kikijikunja kingoni kama mkeka. Ndivyo kilivyo, na pasi haitakinyoosha kwa muda mrefu. Ndiyo maana sweta zina ukingo wa mbavu chini na mikononi, vitanzi viwili vya mbele, viwili vya kinyume, ambao hukaa sawa na kubana mwili. Kitambaa cha matuta hakijikunji kabisa.

Wakati wa kufunga kazi, shika sindano iliyo nene kwa saizi moja, maana wengi hukaza hapo na ukingo wa mwisho ukawa mfupi kuliko wa kwanza. Kata uzi ukiacha sentimita 15, uuingize kwenye sindano butu ya tundu kubwa, uupitishe ndani ya matuta kwenda, kisha urudi. Usiukate mfupi kwa ajili ya kuokoa uzi. Pamba inateleza, na kwenye beseni la vyombo huchomoka.